Wasifu gani wa Baden-Powell unaoaminika?

Kiongozi_wa_Kundi
Wakuu, naandaa somo la marova (skauti vijana wakubwa) kuhusu Baden-Powell (BP), Mwingereza mwanzilishi wa skauti. Vitabu vinapingana: kimoja kinamwita shujaa asiye na doa, kingine mkoloni katili. Nianze na kipi, na nitajuaje kama kitabu kimefanyiwa utafiti?

Mpekuzi
Anza na cha Tim Jeal, 1989. Ni kinene, kurasa zaidi ya 600, ila kimesimama juu ya barua na shajara za wakati ule. Cha William Hillcourt (1964) kinafaa kwa maisha ya nyumbani, lakini Hillcourt alikuwa mtu wa skauti, na jina la Olave, mjane wa BP, limo kwenye jalada. Kisome ukilijua hilo.

Kupima kitabu kingine, fungua faharasa, tafuta majina mawili. La kwanza ni Uwini, chifu wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka 1896 BP alimfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi, akapigwa risasi. Uchunguzi uliofuata ukamwondolea BP lawama. Mwandishi makini hueleza yote mawili. La pili ni Edward Cecil: ndiye aliyeunda kikosi cha wavulana wajumbe wa Mafeking, mji wa Afrika Kusini ambao BP aliulinda vitani. Anayempa BP kazi hiyo amenakili masimulizi ya baadaye.

Nyaraka_Kwanza
Mafeking ndipo wengi huteleza. Mji ulizingirwa na Makaburu siku 217, Oktoba 1899 hadi Mei 1900, na hoja nzito ni mgao wa chakula kwa Waafrika. Thomas Pakenham (1979) alimshutumu BP kwamba Waafrika waliachwa na njaa ili Wazungu wapate kula, Jeal alimtetea. Tafadhali usiwafundishe vijana upande mmoja. Wasomee pia shajara ya Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama aliyekuwa ndani ya mji huo. Ilichapishwa 1973. Inakoma Machi 1900, kwa hiyo siku ya kukombolewa mji hutaikuta humo.

Kiongozi_wa_Kundi
Asanteni sana. Na miaka yake ya Nyeri, Kenya?

Mpekuzi
Alihamia Paxtu, nyumba ndogo kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, mwaka 1938, akafariki 8 Januari 1941. Kaburi liko Nyeri, na majivu ya Olave (1977) yamo humo humo. Kitabu kikisema amezikwa Westminster Abbey, kitilie shaka kizima; pale kuna jiwe la kumbukumbu tu.