Naomba ushauri: haya majina yanayoanza na "cym" mnayashikaje?

Wakuu habari zenu. Nasoma ualimu wa baiolojia mwaka wa kwanza, wiki ijayo tuna testi na majina yananichanganya vibaya, mara Cymodocea, mara Cymothoe, mara kimografu, yaani yote naona kama kitu kimoja. Rumeti wangu anasema nishike tu kwamba Kigiriki ni "wimbi" nimalize, mwingine anasema nikariri moja moja. Nimsikilize nani?

Mwani_Mkavu: Msikilize rumeti. Mzizi ni kyma, wimbi. Cymodocea ni zile nyasi za baharini, ukija Unguja maji yakitoka pale Chwaka unazikanyaga, spishi ya serrulata ncha ya jani ina meno meno na ya rotundata ya mviringo, hilo swali hawaliachi. Jina ni la binti wa baharini kwenye hadithi za Wagiriki. Cymothoe ni dada yake huyo ila wataalamu wakampa kipepeo wa msituni, sijui bahari waliiona wapi huko Usambara 😂

Masizi: Kimografu ni ya Carl Ludwig, Mjerumani, 1847. Silinda inazunguka taratibu, imevikwa karatasi yenye masizi, sindano inakwaruza presha ya damu ya mnyama inavyopanda na kushuka, kwa hiyo unaona mawimbi kabisa. Ukiielewa mashine jina halikusumbui.

Bibi Shamba: Jamani mnampoteza mtoto. Si kila "cym" ni wimbi! Mchaichai ni Cymbopogon, hapo ni kymbe, mtumbwi, na pogon ni ndevu. Mwanangu ukiona B baada ya M shtuka kwanza.

Mleta uzi: Eeh asante bibi, hapo ningeandika wimbi. Sasa simatiki nayo, ile ya mtetemo wa sauti kuchora maumbo? Kuna jamaa anauza sauti za kutibu mgongo anasema ni sayansi.

Masizi: Jina lilitoka kwa Hans Jenny, daktari wa Uswisi, 1967. Mchanga kujichora juu ya bati linalotetema ni kweli, mwanafizikia Mjerumani Chladni alionyesha 1787 kwa upinde wa fidla. Mgongo mpeleke hospitali. Na haipo kwenye silabasi yenu, rudi kwenye nyasi.