Tupeane uzoefu: siku ya kwanza uliyoifuata sanaa mjini

Jana nimerudia kutazama Nairobi Half Life, ile ya 2012 ya David "Tosh" Gitonga. Kwa ambao hawajaiona: Mwas anauza DVD za filamu kijijini, na hauzi tu, anaziigiza mbele ya wateja, milio ya risasi na yote. Anafunga safari ya Nairobi awe mwigizaji. Siku hiyohiyo anaporwa kila kitu, polisi wanamzoa, anajikuta mahabusu anasugua choo. Na choo chenyewe msiombe. Baadaye anagawanyika: huku mazoezi ya jukwaani, huku genge la wezi wa vipuri vya magari.

Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban kwa kazi ile, na ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kuwania Oscar. Mimi lakini sivuki pale kwenye choo.

Nilishuka stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, 2009 na begi la nguo na bahasha ya michoro ya penseli. Nilikuwa naelekea Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wa picha za Tingatinga. Kijana akanipokonya vyote viwili. Hatua chache mbele akachungulia bahasha, akaitupa chini, akaenda na begi. Nyie je?

*Machozi_Bure:* Mimi nilitoka Kitui kwenda kwa usaili wa tamthilia Nairobi. Foleni hadi saa kumi jioni. Kufika mbele nikaulizwa, "Unaweza kulia?" Nikalia. Walipiga makofi, lakini walahi sikuwa naigiza, nilikuwa sijala tangu jana. Wakasema watanipigia. Namba niliyowaachia ni ya simu ya kuazima.

*Mpiga_Msondo:* Nilipomwambia baba nataka kwenda chuo cha sanaa Bagamoyo, akauliza, "Nilipe ada ujifunze ngoma ambayo bibi yako anaicheza bure?" Bibi alikuwa jikoni, amesikia yote. Kesho yake asubuhi mbuzi mmoja hayupo zizini, na mimi nina nauli.

*Kimya_Kingi:* Mimi sikwenda. Nauli nilikuwa nayo.

*Machozi_Bure:* Aisee. Ilikuwaje?

*Kimya_Kingi:* Nilifika stendi, nikapanda, nikakaa dirishani. Mama alikuwa amekuja kunisindikiza. Hakusema neno, alikuwa ananifunga kifungo cha shati.

*Mpiga_Msondo:* Bado unachora?

*Kimya_Kingi:* Vibao vya maduka. Kinyozi, bucha. Yule ng'ombe wa pale bucha ya stendi ni wangu.