Mjadala: Mihadhara ya wazi na sanaa vyuoni, itozwe kiingilio?

Mwanzisha mada: Wadau, kila bajeti ya chuo kikuu inapobanwa, hoja ni ile ile: mihadhara ya wazi ya historia, fasihi na falsafa, pamoja na maonyesho ya sanaa, itozwe kiingilio au ifutwe. Napinga. Kuzungumza na umma ni kazi ya chuo, sawa na utafiti na kufundisha. Gresham College ya London inatoa mihadhara ya bure tangu 1597 na haina shahada yoyote inayotoa. Collège de France, iliyoanzishwa Paris mwaka 1530, hadi leo mtu yeyote huingia kusikiliza bila kujisajili wala kulipa.

Mchangiaji: Mkuu, nani analipa ukumbi, umeme, mafundi mitambo na nauli ya mgeni? Na humo ndani nusu ya viti ni vitupu. Waliopo ni wahadhiri wale wale na wanafunzi waliofuata karatasi ya mahudhurio. Hela hiyo iende maktaba.

Mwanzisha mada: La nani alipe, lina majibu. Adam Gifford, jaji wa Uskoti aliyefariki 1887, aliacha wosia wenye fedha za mihadhara katika vyuo vikuu vinne vya huko, kwa sharti kwamba iwe wazi kwa jamii nzima. Ada aliiruhusu, ila iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Ada ndogo ya namna hiyo hata mimi naweza kuikubali.

Lakini hivyo viti vitupu, ndugu yangu, tusimsingizie mwananchi. Mhadhara umepangwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Tangazo liko kwenye ubao wa kitivo. Mgeni rasmi kachelewa, kisha zinafuata salamu za mkuu wa idara, za amidi, za mfadhili. Mhadhiri anainamia karatasi na kuisoma neno kwa neno, halafu mshereheshaji anatangaza maswali mawili tu kwa sababu ya ufinyu wa muda. Fundi seremala aache kazi yake afuate nini pale? Gresham walilifikiria hili mapema: mhadhara ulitolewa kwa Kilatini, kisha kwa Kiingereza, ili na watu wa mjini waelewe.

Mchezo wa kuigiza ukichezwa jioni katika chuo hicho hicho, watu husimama ukutani. Basi mhadhara ufuate hapo hapo, waigizaji wakiwa bado na maleba yao, na hadhira ianze kuuliza kwa nini yule mama alimkana mwanawe. Mwanafalsafa atapata wasikilizaji ambao tayari wana swali.

Anayetaka mihadhara ifutwe kwa sababu ya viti vitupu, anitajie kwanza: ule aliohudhuria mwisho ulianza saa ngapi, na hadhira ilipewa dakika ngapi za kuuliza?