Mnatutoza hela kutupeleka kwenye matumbawe halafu mnatupa nanga juu yake?

Wakuu, nimepandwa na hasira na leo nitasema yote.

Hii safari ya siku moja waliitangaza kwa mbwembwe: utalii unaotunza mazingira, bahari safi, sijui nini. Tumefika kwenye mwamba, boya la kufungia boti lipo, ila boti nyingine imeshajifunga. Nahodha hakusubiri wala hakutafuta penye mchanga. Akaamuru nanga itupwe pale pale, juu ya matumbawe hai, huku muziki unalia.

Nikaingia majini na miwani yangu, nikaona. Nanga ilikuwa imepiga tumbawe kubwa la mviringo, likamegeka ubavuni, pale lilipovunjika peupe kama chokaa. Hilo ni pigo la kwanza tu. Upepo ulipogeuka, boti ikazunguka na mnyororo ukaanza kuburutika. Kila wimbi likipita unanyanyuka kidogo, unaanguka, unasaga matawi yaliyo chini yake. Samaki wadogo waliokuwa wamejificha mle wakawa wanahangaika hawajui pa kukimbilia. Muda wote tuliokaa pale, mnyororo ulikuwa kazini.

Tumbawe ni mnyama jamani! Ni maelfu ya viumbe vidogo vinavyoishi pamoja na kujijengea mifupa ya chokaa, na haya ya mviringo mengi hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: lenye kimo cha mita moja limeanza kukua lini? Nahodha yule alikuwa hajazaliwa.

Kiongozi wetu naye ndiyo balaa. Wageni wasiojua kuogelea aliwaambia wasimame juu ya matumbawe wapumzike, "hayo ni mawe tu". Na mapezi miguuni! Akaibua kiti cha pweza, yaani kile kiumbe cha baharini chenye umbo la nyota, akakipitisha mkono kwa mkono watu wapige picha, kikakaa nje ya maji mpaka mama mmoja akapaza sauti kirudishwe. Kile kiumbe kinapumua kwa maji ya bahari, ukikitoa nje unakinyima pumzi. Mikate ya kuwarushia samaki sitaizungumzia sana, ila na yenyewe ilikuwepo.

Tena wakati wa kuondoka hakuna aliyehesabu watu. Wameng'oa nanga, wamewasha injini, basi. Mwaka 1998 huko Australia wazamiaji wawili waliachwa kwenye Great Barrier Reef, ule mwamba mkubwa wa matumbawe, kwa sababu watu hawakuhesabiwa sawasawa kabla boti haijaondoka, na hawakupatikana tena. Mtu anayebeba roho za watu baharini anawezaje kutolijua hili? Ni bora liende tu, kuanzia nanga mpaka abiria.

Tuliporudi nikamfuata mwenye kampuni. Akanijibu kwamba boti zote zinafanya hivyo, na bahari hujirekebisha yenyewe. Inajirekebisha lini? Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote, kwa sababu ya joto la bahari. Maji yakizidi joto, tumbawe linatoa ule mwani mdogo unaoishi ndani yake na kulilisha, linabaki jeupe, lina njaa. Likipata nafasi linaweza kupona. Sasa wewe unaliongezea mnyororo wa chuma! Joto la dunia nahodha hana uwezo nalo, sawa, lakini nanga iko mkononi mwake.

Na dawa yake inajulikana siku nyingi. Unatoboa shimo kwenye mwamba usio na uhai, unasimika chuma, unafunga kamba na boya, boti zinajifunga hapo. Huko Florida, Marekani, walianza kutumia maboya ya namna hii tangu miaka ya 1980. Boya likiwa na boti, unasubiri zamu yako au unatia nanga kwenye mchanga, wageni waogelee kidogo. Mbona ni rahisi?

Kwa hiyo mnaopanga kwenda, kabla hamjalipa waulizeni boti inafungwa wapi, na nani anahesabu watu kabla ya kuondoka. Akianza kubabaika, ondoka.

Mimi hela yangu nimeidai kwa maandishi, na picha za mnyororo juu ya matumbawe nimeziambatanisha. Mpaka sasa kimya. Wakijibu nitaliweka jibu lao hapa neno kwa neno.