HUYU MTU KAMPIGA BIBI YANGU PASI USONI!!!

FundiNgozi:
Wakuu, mikono bado inatetemeka, makosa ya uandishi mnisamehe. Simtaji. Mnamjua. Yule yule, mzee wa "tuifanye ipendeze".

Wiki tatu namtengeneza bibi wa miaka 70, bibi wa 3D kwenye kompyuta. Wiki TATU. Yule bibi namjua kuliko ninavyowajua majirani zangu. Vinyweleo, vile vitundu vya ngozi, vya pua nimeviweka mviringo, vya mashavuni nimevivuta vifuate ngozi ilivyolegea, maana ukigonga stempu moja uso mzima anatoka mtu aliyevaa soksi kichwani. Makunyanzi ya macho nimechonga mstari kwa mstari. Pua na paji nimevipa mng'ao, mashavu nimeyakausha. Tekscha (picha zinazovishwa ngozi) zote 8K, disiplesimenti (ramani ya kuinua na kubonyeza ngozi) biti 32. Nikiwasha kompyuta asubuhi namwamkia shikamoo.

Leo kaja, kasimama nyuma yangu. Kavuta karibuuu mpaka pua ya bibi ikajaa skrini nzima, halafu anasema mbele ya watu: "Mbona ana vishimo? Huyu hajapaka mafuta?"

HAJAPAKA MAFUTA.

Nikamweleza kwamba hivyo vishimo ndivyo vinavyovunja mwanga, ukivifuta mng'ao unakaa kipande kimoja kama kwenye sahani. Akajibu: "Ngozi ya mtu haina matundu." Anasema hivyo mtu ambaye puani kwake nyuki wanaweza kuhamia na malkia wao!

Nikaenda msalani. Dakika tano tu. Narudi, kakaa kwenye kiti CHANGU, brashi ya kulainisha mkononi, anampiga bibi pasi. Shavu la kushoto limeshakwisha, yuko kwenye kope. Kisha kasevu. Juu ya faili langu. Kwa biti 8! Ngazi 256 tu za kuinuka na kushuka, paji la bibi sasa limekaa matuta matuta kama shamba la mlimani. Kainuka, kanigonga begani: "Umeona? Sasa amepaka mafuta."

Amepaka mafuta wakuu. Amepaka mafuta!!

MzeeWaPoligoni:
Siti ya mbele.

Kivuli_Laini:
Uzi bila picha ya bibi ni batili.

DadaRenda:
Pole kaka. Huyo nilishafanya naye kazi, kila mtu kwake ni biarusi. Nilimpelekea mwanajeshi mwenye kovu, akarudi hana kovu, hana ndevu, anang'aa kama kiatu chake.

Mchonga_Usiku:
Swali dogo, mkuu. Nakala ya akiba iko wapi?

FundiNgozi:
Hilo siyo suala la uzi huu.

Mchonga_Usiku:
😂😂😂 Faili lilikuwa linaitwaje?

FundiNgozi:
bibi_mwisho_kabisa_HII_NDIYO_07

Mchonga_Usiku:
Na 06?

FundiNgozi:
Ilikuwa ya kabla ya makunyanzi. Naona raha unaipata. Mtu kasema HAJAPAKA MAFUTA, wewe unaniuliza habari za majina ya mafaili.

BabaPikseli:
Nitachukiwa, lakini kazi ya FundiNgozi ya mwaka jana niliiona. Yule kijana wake alikuwa na uso kama sponji ya kuoshea vyombo. Vinyweleo vinaonekana mtu akiwa ng'ambo ya barabara! Labda mzee wa mafuta alikuwa anamwonea bibi huruma.

FundiNgozi:
Ile ilikuwa renda (picha inayotolewa na kompyuta) ya majaribio.

BabaPikseli:
Sponji pia huwa ya majaribio.

MtuWaTaa:
Nyie watu wa ngozi mna bahati, angalau mnaguswa mkiwa msalani. Mimi naguswa nikiwa nimekaa. Nina mtoto, taa iko nyuma yake, masikio yamepata ule wekundu. Bosi: "Kwa nini masikio yanawaka kama taa za breki?" Nikamwambia mwanga unaingia kwenye ngozi, unatawanyika humo ndani na kutokea pengine, na nyekundu ndiyo inayofika mbali kuliko rangi nyingine. Washa tochi ya simu, izibe kwa kidole, utaona. Akaiziba, akaona, akasema "lakini mimi siyo katuni". Akazima mtawanyiko wote. Mtoto ana masikio ya saruji mpaka leo.

Kivuli_Laini:
Afadhali saruji. Mimi nililetewa modeli ndogo mara 100 kuliko mtu halisi, mtawanyiko ukabaki na vipimo vya mtu mzima. Mwanga ukapenya kichwa chote, jamaa akawa mshumaa. Nikalaumiwa mimi!

DadaRenda:
Na hizi pakiti za ngozi tunazonunuliwa kazini je? Ukitaka mtu mweusi unaambiwa punguza mwangaza. Basi anatoka mzungu aliyekaa kivulini, viganja rangi moja na mgongo wa mkono. Ngozi nyeusi inameza mwanga mwingi, kwa hiyo kinachobeba sura ni mng'ao wa juu. Usipouchora upya unabaki na kisiki cha mkaa. Nimeeleza mpaka koo limekauka.

MtuWaTaa:
Sema tena, dada.

FundiNgozi:
Wakuu, tulikuwa kwa bibi. Kakaa kwenye kiti CHANGU.

Mchonga_Usiku:
Kiti pia hukuwa na nakala?

MzeeWaPoligoni:
Mashavuni ulimwekea malaika lakini? Mtu mzima bila malaika anaonekana amenyolewa mwili mzima.

BabaPikseli:
Malaika gani tena, bibi si kapigwa pasi tu, mbona mnamzika?

MzeeWaPoligoni:
Vile vinywele laini vya usoni, mkuu 😂 Vinaonekana taa ikipita ubavuni.

Kivuli_Laini:
Malaika wanaua mashine. Mimi fremu moja dakika 40.

MtuWaTaa:
40? Sampuli ngapi hizo, yaani miale mingapi kwa kila pikseli?

FundiNgozi:
Amesema "hajapaka mafuta"...

Kivuli_Laini:
1024, na bado kuna chenga, vile vidoadoa, chini ya kidevu.

DadaRenda:
Shusha mpaka 256 uondoe chenga baadaye. Ila kiondoa chenga usikipitishe kwenye malaika, watapakwa mafuta.