Kila kinachotamba nanunua, ila sijioni ndani yake. Nifanyeje?

Binti wa Sinza:
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 27, nafanya kazi ya ofisi hapa Dar. Tangu mwaka jana nimenunua kila kilichotamba: bwanga (zile suruali pana), seti za rangi ya maziwa, magauni ya kubana kiuno. Kabati limejaa, lakini Jumatatu asubuhi mkono unaenda palepale, kwenye gauni la bluu nililoshonewa miaka 4 iliyopita. Lina mifuko miwili mikubwa, na kola imeshaanza kupauka. Bwanga ya elfu 45 niliivaa mara moja, ikazoa tope lote la stendi ya Mwenge.

Wenzangu kazini wananiambia nimepitwa na wakati. Na mwezi ujao nina sendofu mbili, kila moja na sare yake. Nisaidieni, maana nguo nazipenda kweli.

Fundi Upindo:
Dada, huo mwili wako umeshachagua. Mpelekee fundi gauni hilo lenyewe, usimpelekee picha ya kwenye simu. Nguo nyingi za kwenye picha zimebanwa pini mgongoni, ndiyo maana zinakaa vile. Sare ni kitambaa. Mshono ni wako. Kitenge cha sendofu kishonwe kwa kata ya gauni la bluu, mtindo wa sasa uweke mikononi tu, mfano mikono ya puto. Mtindo ukipita, unafumua mikono na gauni linabaki. Mwambie akuachie kitambaa cha ziada ndani ya mishono.

Mama Mkubwa:
Mwanangu, mimi nilikuwa msichana Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU walipotangaza kupiga marufuku vimini na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Haikupita miaka mingi, vijana wakahamia kwenye bugaluu, suruali pana chini, na viatu vya raizoni vya soli nene! Yote hayo mama yangu aliyatazama akiwa ndani ya khanga zake. Dukani alisoma kwanza jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, rangi baadaye. Jina lisilomhusu hakulinunua, hata kama mtaa mzima wamelivaa.

Mzee wa Karume:
Napingana kidogo. Usijifungie kwenye gauni moja. Nisingejaribu rangi ya haradali ilipotamba, nisingejua kwamba inanipendeza. Ila jaribu kwa mitumba ya elfu 5, usijaribu kwa nguo ya elfu 45.

Binti wa Sinza:
Mama Mkubwa, shikamoo. Asanteni sana wote. Fundi, nimelitoa gauni sasa hivi nikaligeuza ndani nje. Mshono wa kiuno uko juu kidogo ya kitovu, na mikono inaishia kwenye kiwiko. Nimelilinganisha na yale ninayoyaacha kabatini: yote kiuno kimeshuka! Kesho nikitoka kazini nalipeleka pamoja na kitenge cha sendofu ya kwanza. Mikono ya puto nitaiomba, ila iishie kwenye kiwiko vilevile. Na mifuko lazima iwepo.