Kugawa kiwanja: vinne kwa mkupuo, viwili kwanza, au tubaki na hati moja?

Kitindamimba
Wakuu, salaam. Mzee katuachia kiwanja kimoja, nasi tuko wanne. Upande wa barabarani kina mita 40, kwenda nyuma mita 60, jumla mita za mraba 2,400. Mbele kuna nyumba ya zamani anamokaa dada yetu mkubwa. Kabla hatujapeleka maombi halmashauri, naomba mnipimie njia tatu.

Ya kwanza, tugawe vinne mara moja. Nimechora njia ya ndani ya mita 6 ubavuni, inaingia mita 45 basi. Vinatoka viwanja vitatu vya 34 kwa 15, na cha nyuma kabisa kinachukua upana wote, 40 kwa 15. Hesabu inafunga bila kubaki hata hatua moja.

Ya pili, tugawe viwili sasa, mbele na nyuma, halafu kila nusu igawanywe tena tukipata hela.

Ya tatu, tusigawe. Hati moja, majina manne, na makubaliano ya maandishi nani anatumia upande gani.

Dada anataka ya tatu. Mimi roho yangu iko kwenye ya kwanza.

Mtoto wa Kati
Ya tatu tuliifuata sisi. Miaka ya mwanzo raha mustarehe, hakuna kibali, hakuna mpima. Nilipotaka kujenga nikaenda benki kukopa, nikaulizwa: rehani yako ni kipande kipi? Nikaonyesha makubaliano yetu. Afisa akayasoma yote, kwa heshima kabisa, akanirudishia. Kisheria sikuwa na kipande, nilikuwa na fungu ndani ya kiwanja kizima, na walitaka ndugu wote waweke sahihi kwenye mkopo wangu. Mmoja akakataa. Wala simlaumu, ningekuwa yeye ningekataa pia.

Na usidhani utakwepa kwa kupangishana miaka mingi. Ziko nchi ambako upangaji mrefu wa sehemu ya kiwanja unahesabiwa kuwa ni ugawaji. New Zealand, kwa mfano, ukizidi miaka 35 unahitaji kibali kama mtu anayegawa.

Bikoni
Nimeshika vyombo vya upimaji muda mrefu, niseme machache. Kitindamimba, mchoro wako ni mzuri, lakini karatasi haina choo. Shimo la maji taka la nyumba ya dada liko wapi? Bomba la maji linapita wapi? Ukuta wa nyuma wa nyumba uko mita ngapi kutoka mstari wako wa kwanza? Mstari mpya ukishapita, ule ukuta unakuwa jirani na mpaka ghafla, na lazima utimize umbali unaotakiwa kana kwamba nyumba inajengwa leo. Kuna mahali hawapimi kutoka ukutani, wanapima kutoka ncha ya upenu. Chukua utepe, nenda leo.

Mama Ukuta
Mimi ni mhanga wa njia ya pili. Tuligawa viwili, cha nyuma tukakipa shingo ya mita 4 kufika barabarani. Kwa nyumba moja ilitosha. Miaka mitatu baadaye tukaomba kukigawa cha nyuma, tukagonga mwamba mara mbili. Kwanza shingo: nyumba zikiongezeka wanataka njia pana zaidi, na ardhi ya kupanulia ilikuwa tayari imeshauzwa na kaka, ina ukuta juu yake. Pili, walihesabu kuanzia kiwanja mama, yaani kile kimoja cha kabla hatujagawa, kwa hiyo ombi letu dogo likaonekana ni mradi uleule uliokatwakatwa ili ukwepe masharti makubwa.

Ukiichagua hiyo, kata shingo pana leo hii, hata kama inaonekana unatupa ardhi.

Ngalawa
Mnamtisha bure. Vinne kwa mkupuo ni ombi moja, mpima mmoja, foleni moja. Mkigawa mara mbili mnalipa mara mbili.

Bikoni
@Ngalawa ni kweli, ila kuna kizingiti. Halmashauri nyingi zina njia fupi kwa ugawaji wa viwanja vichache, na njia ndefu ukivuka idadi fulani. Ukivuka unaweza kudaiwa barabara ya kiwango, mitaro, hata eneo la wazi. Wengine kizingiti ni vinne, wengine chini ya hapo. Ndiyo maana huwa nasema nenda na mchoro wa penseli ukaongee na afisa mipango miji kabla hujamlipa mpima hata senti. Mchoro wa penseli unafutika.

Halafu kibali si hati. Kibali huja na masharti na tarehe ya kuisha. Mpaka masharti yatimizwe, ramani isajiliwe na mawe ya mipaka yasimikwe, kiwanja kipya hakipo. Usipokee malipo ya mtu kwa kiwanja ambacho hakipo.

Kitindamimba
Nimerudi, wakuu. Nimepima. Ukuta wa nyuma hadi mstari wangu ni mita 1.8, na huku kwetu wanataka 3. Mfuniko wa shimo tumeufukua chini ya majani, uko mita 3.5 nyuma ya ukuta, yaani ndani ya kiwanja nilichokuwa nimejipa mwenyewe.

Nimechora upya: mistari kila mita 20, njia inaingia mita 40. Vinatoka viwili vya 34 kwa 20, na cha nyuma 40 kwa 20. Shimo linabaki kwa dada, mita 3.3 kabla ya mpaka. Ila sasa ni viwanja vitatu kwa watu wanne. Kaka wa pili, anayeishi mbali, amesema yeye alipwe fungu lake, tunatafuta mthamini.

Afisa ameutazama mchoro dakika kumi, hakugusa ukubwa wa viwanja kabisa. Kauliza swali moja tu: gari la taka litageukia wapi? Sikuwa na jibu. Kuna anayejua linahitaji nafasi gani?

Mama Ukuta
Wee! Sisi hata hatukuulizwa. Linarudi kinyumenyume mpaka leo, na kona ya ukuta wangu imeshamegwa.

Bikoni
Usiligeuze. Lisiingie kabisa. Tenga sehemu ya mapipa mdomoni mwa njia na uionyeshe kwenye ramani. La zimamoto ni jambo lingine, hao uwafuate wenyewe, uwaulize bomba lao linafika mita ngapi.